Kukagua Kisiwa kwa Simu

Sikuwa na pasipoti. Sikuwa na viza, wala nauli, wala koti zito, wala viatu visivyopitisha maji. Sikuwa na magoti ya kupandia vilima, na tumbo langu halipatani na ndege ndogo. Sikuwa na rafiki, ndugu, mdeni wala adui katika Bahari ya Bering yote. Na mpaka mwezi wa tano mwaka huu sikuwa nimewahi kusikia kwamba duniani kuna kisiwa kinachoitwa cha Mtakatifu Paulo. Hata hivyo mimi, Mumbere, ndiye niliyeteuliwa kwenda kukikagua.

Katika ukoo wetu msichana haolewi mpaka mzee mmoja wa upande wake apaone mahali atakapokwenda kuishi. Mzee huyo haendi kama mgeni rasmi, kwa sababu mgeni rasmi huchinjiwa kuku na kuonyeshwa uwanja uliofagiliwa. Anakwenda kama mpita njia. Anabisha hodi kwa jirani wa mchumba, anaomba maji ya kunywa, na huku akiyanywa polepole anatazama na kuuliza. Maji haya yanatoka wapi. Upepo unapiga kutoka upande gani. Ardhi inaotesha nini. Wanyama gani wanakula watu, na watu wanakula wanyama gani. Swali la mwisho tuliliongeza sisi tuliotoka Kivu mbio: mahali hapa pana njia ngapi za kutokea. Baba yangu aliwahi kumkagulia dada yangu mchumba akijifanya mnunuzi wa mbuzi, na aliifanya kazi hiyo vizuri hata akarudi na mbuzi kweli.

Msichana wetu ni Estelle, binti wa marehemu mdogo wangu. Nimesaidiana na mama yake, Benedicte, kumlea tangu tulipofika Kampala. Sasa ni mtu mzima, anauza katika duka la dawa pale Wandegeya, upande wa pili wa barabara kutoka kibanda changu ninapofunga majalada ya tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu. Mchumba wake ni Tresor. Waliimba kwaya moja hapa Kampala, yeye sauti ya tatu, mpaka alipohamishiwa Amerika pamoja na kaka yake. Huko akasikia kwamba kisiwani kuna kazi ya kusafisha kaa, akaenda. Baada ya muda kaa wakatoweka baharini, wenzake wakafunga mizigo wakaondoka, yeye akabaki kuwa fundi wa majenereta yanayowapa watu wa kisiwa umeme. Krismasi iliyopita alikuja kututembelea, akisema tu kwamba anakaa Alaska, akatembea na fulana kwenye mvua huku sisi tumejifunika. Mwezi wa tano ikafika barua ya posa, ameiandika mwenyewe kwa kuwa hana mzazi wa kumwandikia. Aliomba jibu kabla ya Agosti, ili aanze mambo ya karatasi za Estelle.

Tulikutana watatu nyumbani kwa Benedicte, Jumapili, baada ya ibada. Estelle alisema kwa upole kwamba yeye ameshakubali moyoni, lakini hataondoka bila baraka ya mama yake. Benedicte, ambaye anauza mboga katika soko la Nakasero na hajawahi kununua kitu bila kukigeuza chini juu, alisema hana ubaya na kijana.

"Sauti yake naijua," alisema. "Nyumba yake siijui. Shemeji, nenda ukapaone."

Nilimweleza umbali. Alinijibu kwamba baba yangu hakuulizwa habari za umbali. Basi nikakubali, kwa sababu mimi ndiye mzee pekee aliyebaki, na kwa sababu, niseme ukweli, niliona kwamba kazi hii imempata mwenyewe. Kiingereza nilijifunza ukubwani, katika shule ya jioni, nikiwa tayari na mvi. Jiografia nilijifunza hukohuko, na cheti changu kiko ukutani. Mtu asiyeweza kwenda mahali kwa miguu anaweza kupaendea kwa kusoma.

Nilianza na ramani. Kisiwa chenyewe ni kidogo hata mchapishaji wa ramani alikiweka kama alama ya kalamu iliyoteleza. Kiko peke yake katikati ya Alaska na Urusi, mbali na bara kwa safari ya ndege ya saa kadhaa. Watu wake ni mia chache, wengi wao Waunanga, wenyeji wa visiwa vya kusini yake, ambao wana majina ya Kirusi na kanisa la Kirusi kwa sababu Warusi ndio waliowapeleka huko zamani kuwinda sili, wanyama wa baharini wanaopendwa kwa ngozi zao. Hakina msitu. Kina nyasi, maua mafupi yanayong'ang'ania ardhi, na vilima vilivyotokana na volkano. Jambo hilo la volkano sikulitaja mapema, maana tuliwahi kuishi Goma.

Niliazima vitabu, nikasoma kwenye kompyuta ya jirani yangu mpiga chapa, nikaandika muhtasari. Jumapili iliyofuata nikausoma mezani. Nilisema kwamba wakati wa kiangazi kisiwani ni baridi kuliko Kabale alfajiri, na ukungu unakaa siku nyingi kuliko jua. Wakati wa baridi kuna theluji inayopita kwa mlalo, kwa sababu upepo hauipi nafasi ya kuanguka. Mwezi wa sita jua linakawia kuzama mpaka watoto wanalazwa kwa ugomvi, na mwezi wa kumi na mbili linachungulia kidogo kisha linajiondokea. Hakuna nyoka. Hakuna simba, chui wala mamba.

Benedicte aliuliza kuna nini basi. Nikamwambia kuna mbweha wenye rangi ya moshi, ambao hawana madhara ila wizi. Kuna kulungu wa nchi za baridi, walioletwa zamani wakazaliana. Kuna ndege maelfu kwa maelfu, wanaotaga mayai kwenye kingo za magenge ya bahari, na mmoja wao ana mdomo mwekundu mnene kama aliyetoka kupaka rangi kwa ajili ya harusi. Na zaidi ya wote kuna sili wenye manyoya, wanaokuja kila kiangazi kuzaa ufukweni. Dume mmoja mkubwa anaweza kujikusanyia majike hamsini, akayalinda bila kula wiki nyingi.

"Na Tresor anaishi jirani na huyo bwana?" aliuliza Benedicte.

"Jirani kiasi."

"Sawa. Huyo dume anasali kanisa gani?"

Estelle alicheka mpaka akainuka mezani. Mimi niliendelea na muhtasari. Nilisema kwamba katika kisiwa hicho tembo wenye manyoya waliendelea kuishi maelfu ya miaka baada ya wenzao wa bara kutoweka. Nililiona jambo hilo kuwa sifa kwa kisiwa. Benedicte akaniuliza hao tembo mwishowe walikufa na nini. Nikatazama karatasi yangu. Watafiti wanasema walikosa maji matamu. Benedicte akaweka kijiko chini.

Ilinibidi nimhakikishie kwamba siku hizi watu wanachimba visima na maji yapo. Hakushawishika sana. Kilichomgusa kidogo ni jambo ambalo nilitaka kuliruka. Nilisoma kwamba bandarini kumewekwa mitego mwaka mzima, ili panya yeyote anayeshuka kutoka melini asifike kwenye mayai ya ndege, na kwamba mpaka leo kisiwa hakina panya. Benedicte anapigana na panya wa soko kila siku ya Mungu. Alinitaka nirudie. Nikarudia. Akasema hao watu wana akili.

Lilibaki suala la baridi, ambayo haisomeki. Nilikwenda Port Bell kumwona Bwana Nakhisa, Mkenya niliyesoma naye shule ya jioni, ambaye ni msimamizi wa ghala la samaki karibu na ziwa. Nikamwomba atuingize katika chumba cha baridi, mimi na shemeji yangu, tukae kidogo. Aliniuliza kama ni mambo ya kanisa. Nilimwambia ni mambo ya ndoa. Alisema kwao Bungoma mambo ya ndoa humpeleka mtu kwenye joto, lakini akatufungulia.

Tulikaa juu ya makreti ya plastiki katikati ya sangara waliotukodolea macho. Feni ilikuwa inapiga. Mimi nilikuwa nimevaa suti yangu ya sherehe na sweta mbili ndani. Benedicte alikuwa na kitenge, sweta na kilemba, amekunja mikono kama anayengoja mteja apunguze ukaidi. Nakhisa alichungulia mara mbili kuona kama tungali hai. Vidole vyangu vilipoanza kuniacha nikamwambia Benedicte kwamba hiyo ndiyo siku ya kawaida ya kisiwani, na ya baridi kali ni zaidi. Alinijibu tulipokwisha kutoka nje kwenye jua, tumesimama tukitazama meli inayobeba mabehewa ya treni ikipakiwa.

"Baridi mtu anavaa sweta," alisema. "Mimi nimekuja kuuliza njia. Kutoka kwetu tulitoka kwa miguu. Ningekuwa kisiwani siku ile, ningekimbilia wapi na mtoto mgongoni?"

Nilimwambia kuna ndege mara chache kwa wiki, ukungu ukiruhusu, na meli za mizigo. Hizo ni njia mbili. Nikaongeza, kama mtu mwenye hoja, kwamba kisiwani hakuna waasi wala wanamgambo. Hakuna wa kumkimbia.

"Yupo mume," alisema Benedicte. "Kama ni mume ndiye wa kukimbiwa, na ukungu umefunga ndege, mtoto wangu atakwenda wapi?"

 Tulirudi mjini, na tangu siku hiyo nilijua kwamba mambo yote mengine, sili, kulungu na theluji ya mlalo, ni mapambo tu. Ndoa ya Estelle imesimama juu ya swali hilo moja.

Nilimuuliza Tresor mwenyewe maswali mengi kwa simu, akajibu kwa heshima, "Ndiyo, Papa," "Hapana, Papa," na akatuma picha. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Katika kila picha jua lilikuwa linawaka. Nyumba ya bluu juani. Maua juani. Tresor na jenereta, juani. Mimi nilikuwa nimeshasoma kwamba kiangazi cha kule ni ukungu mtupu. Nikamwambia Estelle amuulize. Jibu likaja kwamba kweli jua ni adimu, ila Tresor alikuwa anangoja siku nzuri ndipo apige picha, kwa sababu hakutaka mama mkwe aogope.

Benedicte alisema, "Umeona? Uwanja umefagiliwa."

Ilikuwa haki yake kusema hivyo. Basi nikaamua kufanya ukaguzi kama baba yangu alivyoufanya, bila mchumba kujua. Tresor alikuwa amempa Estelle namba ya simu ya nyumba ya jirani yake, bibi mmoja wa Kiunanga aitwaye Mama Matrona, kwa dharura, endapo simu yake itakosa mtandao. Nilimwomba Estelle namba hiyo. Alinipa, akaniuliza ya nini. Nikamwambia mkaguzi haulizwi.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba nilifungua kibanda, nikaweka vocha, nikavuta pumzi, nikapiga. Kwao ilikuwa usiku wa jana yake, ingawa jua lilikuwa halijazama. Simu ikaita muda mrefu. Akapokea mwanamke mwenye sauti nzito, ya mtu aliyeinuka kitini.

Nilikuwa nimeyapanga maneno kama desturi inavyotaka, na nikayasema kwa Kiingereza changu bora. "Habari za jioni, mama. Mimi ni mzee, napita njia. Nimetoka mbali na nimechoka. Naomba maji ya kunywa."

Akaniuliza niko wapi.

Kwa desturi, jibu ni moja. "Niko nje, karibu na nyumba yako."

Nilisikia akifungua mlango, na nikasikia upepo, upepo wenyewe wa kisiwa, ukivuma ndani ya sikio langu Wandegeya. Aliniambia haoni kitu, ukungu ni mzito, niko upande gani. Nilitaka kumwambia kwamba hayo yatajulikana baadaye, kwanza tuzungumze juu ya maji na yanakotoka. Vocha ikaisha.

Nilitoka kutafuta nyingine. Kurudi, nikakuta wanafunzi wanne wamesimama mlangoni na tasnifu zao, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya kuziwasilisha. Wanafunzi wa namna hiyo hawangoji. Niliingia kazini, nikajiambia kwamba bibi huyo atakuwa amelala, nitampigia jioni, kwao kukiwa asubuhi.

Baada ya chakula cha mchana Estelle alivuka barabara mbio, akiwa bado na koti jeupe la dukani. Macho yake yalikuwa na machozi. Alisema Tresor amemtumia ujumbe wa sauti kumwomba asali, maana kisiwani kuna mzee amepotea. Akauweka nisikie.

Kwanza upepo. Kisha honi za magari, moja huku, nyingine kule. Kisha Tresor, anahema. Alisema mzee fulani asiyejulikana alimpigia simu Mama Matrona, anaomba maji, kisha simu ikakatika katikati ya neno, na hawajui ameanguka au vipi. Kisiwa kizima kiko nje tangu saa ile. Wenye magari wanapiga honi ili mzee afuate sauti. Wengine wameshikana mikono kwa mstari wanapita kwenye nyasi. Yeye amepewa upande wa magenge, kwa sababu Mama Matrona amesema lafudhi ya yule mzee ilifanana na yake yeye Tresor, basi huenda akamjibu. Na hapo Tresor akaisogeza simu mbali na mdomo, akaita kwa Kiswahili kwenye ukungu, ile sauti ya tatu ya kwaya, imekwaruzika kwa kuita:

"Mzee! Maji yapo, mzee! Njoo unywe!"

Akanyamaza asikilize. Nilisikia ndege wakilalamika chini ya genge. Akaita tena.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Estelle alidhani nimeguswa, na kweli niliguswa. Nikamwambia kwamba mzee huyo hayuko kwenye genge. Yuko Wandegeya, na amekula matoke.

Akaninyang'anya simu yangu, akampigia Tresor, hakupatikana. Akampigia Mama Matrona, akanirudishia simu, na nikaeleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, kuanzia kwa baba yangu na mbuzi. Mama Matrona aliniuliza mara tatu kama niko salama. Alipoelewa kwamba niko Afrika, aliinua sauti na kumwambia mtu aliyekuwa karibu awaite watu warudi. Baada ya hapo akaniambia kwamba nimewanyima watu usingizi, kwamba dereva mmoja amevunja taa ya gari, na kwamba yeye amepika supu ya samaki ya sufuria nzima kwa ajili ya mzee ambaye hayupo, sasa ataila nani. Akakata simu.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Benedicte nikamwambia yote kabla Estelle hajamwambia. Nilitegemea maneno makali. Alianza kucheka taratibu, kama anayekohoa, kisha akashika tumbo, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Alisema katika ukoo wetu wamepita wakaguzi wengi, lakini aliyekwenda kukagua kijiji akakitoa chote nje kwa usiku mmoja ni mimi peke yangu.

Alipomaliza kucheka aliomba asikie ule ujumbe. Estelle akamwekea. Benedicte aliusikiliza ameinamisha kichwa, akaomba arudiwe pale Tresor anapoita. Hakucheka tena.

"Hapa hakujua kwamba wazee tunamsikia," alisema.

"Hakujua," nikasema. "Wala hakujua ni nani anayemwita."

"Na hapakuwa na jua la kupigia picha." Akairudisha simu kwa Estelle. "Lakini bado njia, shemeji. Mtu anaweza kumtafuta mgeni usiku kucha, na nyumbani akawa mwingine."

Nilimwambia swali hilo tumuulize jirani, maana jirani ndiye anayejua, na safari hii tubishe hodi kwa majina yetu. Jumamosi jioni, kwao ikiwa asubuhi, tulikaa sebuleni kwa Benedicte, simu iko mezani juu ya kitambaa, nikapiga. Nilijitambulisha, nikaomba radhi kama mtu mzima anavyopaswa kuomba, bila kuzunguka. Mama Matrona alisema supu ililiwa na waliorudi, wakakaa mpaka asubuhi wakisimuliana, na imekuwa muda mrefu nyumba yake haijajaa hivyo. Akauliza ni kitu gani hasa nilichokuwa natafuta. Nikamwambia. Akasema kwamba bibi yake angenielewa.

Nikamuuliza habari za Tresor. Alisema ni kijana mwema, anachoma vyakula vyote, na anaimba akitengeneza jenereta. Alisema wakati wa baridi umeme ukikatika anakuja kwanza kwake kuona kama ana moto, ndipo aende kwenye mtambo.

Benedicte alinigusa mkono. Alitaka swali lake lipite kama lilivyo, nisilivalishe suti. Nikalitafsiri neno kwa neno.

"Mama, mimi ndiye mama wa msichana. Siku akigombana na mume wake, na ndege haziruki, akija kugonga mlango wako, utamfungulia?"

Jibu lilikuja bila kusita, na nililigeuza kwa Kiswahili hivi: "Mlango wangu haufungiki. Upepo uliharibu kitasa, nikachoka kukitengeneza. Mwambie asigonge, asukume kwa bega."

Benedicte aliinamia simu. "Hata kama mume ni rafiki yako?"

"Mume atakaa nje na mbweha mpaka apoe. Nimemweka mwanangu mwenyewe nje kwa ajili ya mkewe. Leo wana wajukuu."

Nilipomaliza kutafsiri Benedicte alikinyoosha kitambaa chini ya simu. Estelle, aliyesimama mlangoni kwa sababu haruhusiwi kukaa kwenye ukaguzi wake mwenyewe, aliingia hatua moja. Kisha Benedicte akaniambia nimuulize huyo mama anapenda kula nini, kwa sababu mtoto hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Mama Matrona akauliza tuna nini. Wakaanza kuzungumza, mimi nikiwa katikati, juu ya maharage, dagaa, chai, na namna ya kupika samaki mkubwa mwenye macho yote upande mmoja, mpaka vocha ikaanza kutoa onyo. Hapo tukaaga upesi, wote watatu kwa mara moja.

Barua nilianza kuiandika usiku uleule nikaimaliza Jumatatu kibandani, kwa mkono, kwa wino mweusi, kwa sababu jibu la posa halichapishwi. Nilimwandikia Tresor kwamba mahali pake tumepakagua kwa njia tuliyoweza. Nilimwandikia kwamba hapaoti muhogo wala ndizi, kwamba upepo wake hauna adabu na jua lake halina msimamo, na kwamba asituoneshe tena picha za siku nzuri tu, tunataka za ukungu. Nilimwandikia kwamba maji yapo, tumesikia yakitangazwa. Sikueleza zaidi. Estelle alisema ataeleza mwenyewe, na alisema hivyo kwa furaha isiyo na huruma.

Benedicte alikuja kutoka Nakasero na mikono inanuka dania, akasoma yote polepole akifuata kwa kidole. Akaniambia niongeze sentensi moja, akanitamkia, nami nikaiandika bila kurekebisha kitu:

"Tunakupa mtoto wetu, na anakuja na pasipoti yake mkononi mwake, na nyumba ya Mama Matrona tumeihesabu kuwa njia ya tatu."

Akatia sahihi. Mimi nikatia sahihi. Estelle aliitwa kutoka duka la dawa, akasoma akiwa amesimama, akauliza kama naye anaruhusiwa. Desturi haisemi. Mama yake akampa kalamu.

Nilikunja karatasi mara tatu, nikaitia katika bahasha nene, nikapaka gundi ninayofungia majalada, nikaikandamiza chini ya mashine ya kukatia karatasi wakati Benedicte anakunywa soda. Kisha tukapanda boda boda mbili mpaka Posta Kuu. Binti wa dirishani aliisoma anwani, akaniuliza kwa Kiswahili cha Kampala hicho kisiwa kiko nchi gani, nikamwambia, akanitajia bei ya stempu. Benedicte alitaka kuzibandika mwenyewe. Alizibandika zikapinda kidogo. Akaikabidhi bahasha dirishani kwa mikono miwili, na yule binti akaigonga muhuri, akaitupa kwenye mfuko wa barua za nje.